Namba Yenye Moja Saba

Ramadhani iliyopita niliomba kazi ya kumfundisha hisabati binti wa kidato cha tatu, kule Raskazone. Baba yake ana duka la vitambaa mjini, lakini mwenye kuamua alikuwa mama yake. Cheti sina. Nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba na simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo nilikuwa najua kila kitu.

Ili somo la majaribio liwashangaze, niliandaa namba: 1,111,111. Namba yenye adabu zake. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1,234,567,654,321. Inapanda mpaka saba, kisha inashuka kistaarabu. Igawe kwa tatu, inabaki moja. Kwa saba, moja. Kwa kumi na moja, moja. Nikashuku ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini mimi si wa kushuku tu. Mimi ndiye ninayerudi kutoka kituoni kutazama kama mlango nimeufunga. Nikaanza kuijaribu kwa namba tasa zote, kwa mkono, maana kikokotoo ni cha wavivu. Nilitakiwa nivuke elfu moja, mpaka kwenye kipeuo chake cha pili. Nilipofika 233, adhana ya magharibi ikalia na mama yangu akaniita uani. Baada ya uji na muhogo wa nazi, niliona ushahidi unatosha. Tumbo likishiba huthibitisha mengi.

Kesho yake alasiri nikaiandika mbele ya binti na mama yake. “Hii haigawanyiki,” nikatangaza. “Nimehakikisha.”

“Umejaribu zote, dada?” binti akauliza.

“Zinazohitajika.”

“Uliishia wapi?”

Uongo nao siuwezi. Ningetaka uwe kamili. “Mia mbili thelathini na tatu.”

“Inayofuata?”

“Mia mbili thelathini na tisa.”

Akainamia karatasi. Mimi nikasoma maua ya zulia. “Imeingia,” akasema. “Mara 4,649. Haijabaki kitu.”

Mama yake akacheka mpaka mtandio ukamvuka. “Kilikusimamisha nini hapo, mwanangu?”

“Futari, mama.”

“Namba moja tu! Tende zingekimbia?”

“Mwalimu wa kwanza nilikuwa nikimuuliza hivi ananuna,” binti akasema. “Mchukue huyu.”

“Haya. Aanze leo, lakini baada ya futari. Njaa yake itatuharibia hesabu.”

Sikumwambia kwamba iliyoniharibia ni shibe. Kazi nilikuwa nayo, na hofu mpya: yule binti lazima angeuliza, je, 4,649 yenyewe inagawanyika? Nikarudi nyumbani Nguvumali, nikakaa chini kuijaribu. Ilinipasa nifike 67. Adhana ikalia.

“We mwana, futari haicheleweshwi!” mama akapiga kelele.

“Naja, niko 43!”

“Uko wapi?”

Nikaendelea mpaka 67. Haikugawanyika. Nikala tende moja nikiwa nimesimama, na siku yangu ya kwanza ya kazi nikachelewa.