Nilivyompeleka mshenga kwa profesa wangu hapa Toronto

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya wa miaka mingi. Napita, nacheka, naondoka. Leo nimeona nami nilete changu. Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Yamenikuta mimi mwenyewe na mashahidi wapo, ila majina mengine nayahifadhi, maana bado nasoma na bado nataka kumaliza.

Kwa ufupi: ni mwanamke, nilikuwa afisa mipango miji kwenye halmashauri moja huko nyumbani, nikapata nafasi ya masters hapa Toronto. Wale wa "ulipataje scholarship", nyuzi zake zimejaa humu, tafuteni. Huu ni wa jambo lingine.

Naanza na ninapoishi, maana ndiko yalikoanzia.

Nimepanga chumba kwa Mzee Lobo na mkewe Anti Filo, maeneo ya Crescent Town. Hawa ni Wagoa wa Tanga, tulifahamiana kanisani. Mzee alikuwa karani bandarini Tanga kabla hawajahamia huku ujanani. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Wajukuu zake wakija wanamwelewa vizuri tu lakini wanamjibu kwa Kiingereza, naye anaendelea na Kiswahili chake kama hajasikia.

Jengo letu ni ghorofa refu la zamani, na lifti yake ina tabia zake. Ikigoma, unakuta akina mama wamekaa kwenye ngazi na mifuko ya sokoni wanavuta pumzi. Jirani yetu mmoja mwenye mguu mbaya hatoki nje kabisa mpaka fundi aje. Kwa hiyo wapangaji wana umoja wao, wanakutana chumba cha kufulia na kumwandama mwenye jengo.

Nilianza kwenda kwenye vile vikao kwa sababu ya sambusa, sitawadanganya. Baadaye nikawa naenda kwa ajili ya kusikiliza. Kwetu maghorofa ya kupanga yanaota kila kona, na ofisini kwetu sikuwahi kusikia mtu akiuliza nani atatengeneza lifti jengo likizeeka. Nikajua thesis yangu ni hii.

Tatizo, msimamizi wangu alikuwa ameshanipangia nyingine.

Profesa wangu ni mama wa makamo, mkarimu, anacheka mpaka ofisi ya jirani wanasikia. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Wakuu, ulimi uligoma. Mpaka leo ni Profesa.

Yeye ana mradi wa nyumba za mabondeni Dar. Data zilishakusanywa, nafasi ya research assistant, msaidizi wa utafiti wa kulipwa, ilishatengwa, alikuwa anasubiri mtu tu. Aliponiona akafurahi kweli kweli. "Wewe umetoka kule kule," akasema, "nani ataielewa kuliko wewe?"

Mlioko nje mtanisaidia hapa. Mkanada anakwenda kuandika kuhusu Peru na hakuna anayeshangaa. Mtanzania unavuka bahari, unanunua koti la baridi, halafu unaambiwa uandike kuhusu bonde la Jangwani!

Nilipaswa kukataa. Nikasema ndiyo.

Baada ya muda akaniuliza tena kama nimeridhika na mada. Nikasema ndiyo, asante Profesa. Baada ya Krismasi akauliza tena. Ndiyo, asante Profesa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si ungesema tu". Mkuu, wewe ulishawahi kumwambia lecturer wako huko nyumbani, uso kwa uso, kwamba mada aliyokupa huitaki? Haya, kaa chini tuendelee.

Proposal ilikuwa inatakiwa mwezi wa nne. Ikishasainiwa, ndiyo imetoka hiyo, unaishi nayo mpaka mwisho. Mwezi wa tatu ulipofika nilikuwa nafungua faili, naandika mstari, nafuta. Nikaanza kukwepa korido ya ofisi yake. Siku moja nililia jikoni mbele ya Anti Filo, na hata kitunguu cha kusingizia hakikuwepo.

Mzee Lobo akaitwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Umetuma mtu?"

Mtu gani? nikamwuliza.

"Mtu mzima wa kukusemea. Mtoto haendi mwenyewe kumkatalia mwalimu wake, ataonekana jeuri. Hata mimi nilipotaka kuhama idara pale bandarini, baba alimtuma mzee mmoja kwa bosi. Yakaisha kwa chai."

Nilishusha pumzi. Iliniingia akilini kabisa. Kaka yangu alipotaka kuoa hakwenda yeye kwa wakwe, alikwenda mshenga. Nilipokorofishana na mkuu wangu wa kazi, mzee mmoja wa ofisini ndiye aliyeingia kwake akanisemea. Sasa kwa nini kwa profesa iwe tofauti? Mimi mgeni, mnisamehe. Yeye aliyekaa huku tangu ujanani naye akasahau tuko nchi gani.

Nikamwandikia Profesa email kwamba mzee wa familia ninayoishi nayo angependa kuja kumsalimia. Akajibu kwa furaha, karibuni Alhamisi.

Mzee alivaa suti ya kanisani. Anti Filo akatufungia keki ya nazi kwenye kopo la biskuti. Kwenye subway, kuanzia kituo cha Victoria Park, alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba yake kwa sauti ya chini, mimi namshikia kopo.

Ofisini akaanza vizuri sana. Akauliza habari za kazi. Akauliza kama wazazi wa Profesa wako hai, akaambiwa mama yupo, akampa pole ya baba. Akasifia maua ya dirishani. Profesa akala keki, akasifia keki. Nikasema moyoni, hili limekwisha.

Kisha Mzee akakaa sawa, akaingia kwenye jambo lenyewe kama inavyotakiwa, yaani kwa kuomba radhi.

"Profesa, tumekuja kwako kama wazazi. Mtoto ni mtoto. Kama kuna mahali amekukosea, kabla ya yote tunaomba umsamehe."

Ninyi mnaelewa. Mshenga lazima ajishushe kwanza, hata kama mtu wake hana kosa. Ni kubisha hodi tu ile.

Profesa akaweka keki chini. "Amefanya nini?"

"Bado hajafanya kitu," Mzee akasema, akitabasamu ili amtulize. "Lakini vijana, unawajua."

Duh.

Profesa akanigeukia, na kicheko chote kimemtoka. Akaniuliza polepole kama hili linahusu data. Kama kuna mtu nimempa majina ya watu waliohojiwa. Kama kuna kazi ya mtu nimenakili. Akaongeza kwamba haruhusiwi kuzungumza mambo ya mwanafunzi mbele ya mtu mwingine, na kama kuna kosa la namna hiyo inabidi kikao kisimame na mkuu wa idara aitwe.

Kwa wasiojua, huku kosa la data linaweza kukufukuzisha shule, na shule ikiondoka kibali cha kukaa nacho kinafuata.

Hotuba yote ilimpotea Mzee. Akaniambia kwa Kiswahili, "Binti yangu, nimekuharibia. Ngoja nitoke nje."

Akaanza kusimama, anapapasa koti lake huku ameinamisha macho. Mtu wa umri wa babu yangu, ametoka kwake na suti kwa ajili yangu, anatoka mle kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Hapo nikasema. Hata sikupanga.

Nilimwambia, "Kaa, Mzee." Kisha nikamgeukia Profesa kwa Kiingereza: hakuna data niliyotoa na hakuna nilichoiba. Sitaki kuandika kuhusu Dar. Sikutaka tangu siku ya kwanza. Nataka kuandika kuhusu lifti za hapa hapa, za majengo kama ninaloishi. Mzee amekuja kwa sababu mimi nilikuogopa.

Yalitoka makavu hivyo hivyo, bila samahani wala tafadhali.

Profesa akavua miwani. "Lakini nilikuuliza mara tatu."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mwalimu wangu."

Msitegemee kwamba alinikumbatia. Aliumia, na alisema kwamba ameumia. Kumbe kulikuwa na mwanafunzi mwingine aliyeitaka sana ile nafasi, akamkatalia ili anipe mimi. Hilo sikulijua. Liliniuma pale pale na linaniuma mpaka leo.

Akasema nafasi ya research assistant itabidi niiache, kwa kuwa ni ya mradi wa Dar. Proposal mpya niilete tarehe ile ile, hataongeza hata siku moja. Ikiwa mbovu, nirudi kwenye mada ya Dar au nitafute msimamizi mwingine.

Halafu akamgeukia Mzee, akamwuliza hizo lifti zina nini hasa. Mzee wangu, aliyekuwa amepoteza hotuba, akapata nyingine. Alilalamika mpaka Profesa akaangalia saa.

Njiani kurudi alikaa na lile kopo la biskuti mapajani. Mwishowe akasema, "Miaka yote hii nilidhani nawajua watu wa hapa." Nikamwegemea begani. Nampenda sana yule mzee, acha niseme wazi.

Proposal ilirudishwa mara moja ikiwa imejaa wino mwekundu, kisha ikapita. Nikapata kazi ya kupanga vitabu maktaba. Yule mwanafunzi aliyekataliwa aliitwa tena, ndiye anayefanya ile ya Dar, na tunakaa ofisi moja. Alipoanza nilimweleza yote. Hakufurahi, lakini tunasalimiana vizuri.

Siku moja Profesa aliniuliza kama kulikuwa na dalili yoyote ambayo angepaswa kuiona. Nikafikiri. Nikamwambia, sikukuuliza swali hata moja. Mtu anayekitaka kitu huuliza maswali. Siku hizi mwanafunzi mpya akimkubalia haraka haraka, anamwambia akaandae maswali kwanza ndipo arudi.

Mzee Lobo naye, kanisani anasimulia kwamba yeye ndiye aliyemaliza kesi. Sijamsahihisha.

Funzo. Sitawaambia muwe majasiri, kwa sababu mimi sikuwa. Ningekuwa peke yangu mle ndani ningekubali mara ya nne na leo ningekuwa nahesabu nyumba za mabondeni. Nilisema kwa sababu sikuweza kumwacha mzee wa watu atoke mlangoni na aibu iliyokuwa yangu.

Kwa hiyo mnaokuja kusoma huku, semeni wenyewe, na semeni mapema, kabla mtu mwingine hajanyimwa nafasi kwa sababu ya adabu zenu. Na kama huwezi kabisa, nenda na mtu ambaye hutakubali aaibike kwa niaba yako. Mdomo utafunguka wenyewe.

Uwanja ni wenu sasa. Mliowahi kumkatalia mwalimu au bosi uso kwa uso, mlianza na neno gani? Nitapita kusoma jioni. Wa matusi sitawajibu, nina sura ya tatu ya kuandika.