Kazi za Kiini Sifuri

Tulikuwa wanne karakanani Muyinga siku ile: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, kitindamimba wetu aliyekuwa amerudi kutoka chuoni Gitega, na mzee mwenye duka la vitambaa, aliyekuja kuutazama mlango wake ukichongwa maua.

Mashine ya kuchonga iliongozwa na kompyuta. Mbao mbili zilikuwa zimeshaharibika: kisu kinakwenda vizuri, mara kinashtuka na kuuma pembeni. Ubao wa mvule ulibaki mmoja.

"Huu nao mkiuharibu," mzee alisema, "nitatundika pazia. Vitambaa ninavyo."

Kitindamimba hakucheka. Mashine ile aliiunda mwenyewe. "Prosesa ina viini vinne," alinieleza. "Kimoja nimekitenga kiiambie mota tu lini isogee. Programu nyingine haziingii. Lakini kerneli, ule moyo wa mfumo, ina vijikazi vyake vya nyuma: kusafisha kumbukumbu, kuhesabu saa, kuitikia mtandao. Vinaingia humo humo bila hodi, na mota inachelewa hatua."

"Vifukuze."

"Havifukuzwi, kaka. Lazima vifanywe. Vinahamishwa tu."

Aliandika amri kwenye mipangilio ya kuwasha, vyote vikapelekwa kiini sifuri, yaani kile cha kwanza. Akawasha upya, akajaribu kwenye kipande kibovu, huku kompyuta ikinakili faili zito makusudi. Kisu hakikushtuka. Ndipo tukaufunga ule mvule kwenye mashine. Saa nzima sikukaa. Ua la mwisho lilipotoka safi, mzee alilipapasa kwa kiganja. "Haya. Pazia nitauza."

Mdogo wangu wa kati alikuwa anafagia maranda. "Na hicho sifuri," aliuliza, "kinapumzika lini?"

Kitindamimba alicheka. Mimi niliutazama ule ufagio. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, bila mama wala baba, niliacha shule nikashika randa, nikaapa huyu kitindamimba atasoma bila kutumwa. Maji, kuni, shamba la Giteranyi: niliamini nimemwondolea. Kumbe nilimhamishia dada yake, naye alikuwa darasa la nne. Hakurudi tena shuleni, wala sikumuuliza.

Nilimpokonya ufagio. "Nenda kakae."

"Nikae nifanye nini, kaka? Kukaa sijui."

Akauchukua.

Siku hizi nimeweka mtu wa kufagia. Mdogo wangu huyo anampita nyuma, anafagia upya. Deni lake bado ninalo, na sijajua pa kuanzia kulilipa.