Mbegu za Nyuma ya Jiko

Mama alikuwa na makopo mawili ya mbegu za zinia, na ole wake atakayeyachanganya. Yote mawili yalikuwa makopo ya maziwa ya unga, yote yalitiwa majivu ya kuzuia wadudu, na mbegu zilizokuwamo usingeweza kuzitofautisha hata kwa miwani. Kopo la kwanza lilikuwa la maua yaliyopandwa mbele ya nyumba, kufuata michongoma. La pili lilikuwa la maua ya nyuma ya jiko, kitalu kidogo kisichozidi upana wa mkeka wa kuswalia. Mbegu za michongomani alimgawia yeyote aliyepita akaomba. Za nyuma ya jiko hakumpa mtu, na mtu akishikilia kuomba, mama alijifanya hasikii. Baba alizoea kumtania kwamba analeta ubaguzi hadi kwenye maua, wakati zote ni zilezile. Mama hakucheka.

Tuliishi kwenye kota za kiwanda, Morogoro mjini. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Alikuja na treni kutoka Kigoma akiwa kijana asiye na ndevu, akaajiriwa, akaoa Mluguru wa Kinole, akasahau njia ya kurudi. Hivyo ndivyo mwenyewe alivyopenda kusimulia. Nyumbani tulisema Kiswahili tu, kwa kuwa Kiha cha baba na Kiluguru cha mama havikukutana popote. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, na nililelewa nikijua hivyo.

Kuvuna mbegu nilifundishwa kabla sijaanza shule. Ua huachwa kwenye shina lake mpaka likauke lote, liwe la kahawia na la kukwaruza mkono. Hapo ndipo unalikata, unalisugua viganjani juu ya ungo, unapepeta. Mbegu yake ni bapa, imechongoka upande mmoja, na nyingi huwa maganda matupu. Mama alinionyesha namna ya kuiminya kwa kucha: iliyojaa inakataa, tupu inakunjika. Ukikata ua likiwa bado bichi, alisema, umevuna maganda. Kule michongomani kazi hiyo tuliifanya tukipiga soga, na chiriku wakija kudokoa aliwaacha wale, nao ni viumbe. Nyuma ya jiko mambo yalikuwa mengine. Huko chiriku walifukuzwa, kuku aliyethubutu kuparua alirushiwa kandambili, na maji ya moto hayakumwagwa hata kwa bahati mbaya. Mimi mwenyewe niliruhusiwa kufika kwenye jiwe la kufulia, basi.

Na huko mama aliongea. Alichuchumaa akinyonyoa majani makavu na kusema Kiluguru, lugha ambayo kwetu hakuitumia isipokuwa ndugu zake waliposhuka na ndizi. Aliisema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, na kila baada ya maneno machache alinyamaza kidogo, kama mtu anayengoja kujibiwa. Mimi nilikuwa nimeokota Kiluguru kiasi nilipokwenda likizo kwa bibi, kwa hiyo nilielewa nusu. Nilimsikia akisema mwenzio kaanza kuhesabu. Mwenzio ana surua, lakini anaendelea vizuri. Mwenzio ni mkaidi, hasikii. Huyo mwenzio, nikaja kufahamu, ni mimi. Niliyaonea wivu yale maua, na haukuwa wivu wa kupita. Mimi mama aliniita kwa kufoka, yale aliyaamkia. Nikiwa peke yangu uani nilihisi kwamba yupo mtu nyuma ya jiko anayenijua kila kitu, nami simjui, na ikafika mahali siendi msalani bila kuimba kwa sauti.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Madukani vikajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu: sabuni za kunukia, betri, mashati ya mitumba yenye majina ya miji ya watu. Kiwanda kikaanza kusuasua, maana aliyekuwa akinunua bidhaa zake sasa alikuwa na pa kuchagua. King'ora kilichokuwa kikituamsha kikanyamaza, na baba akawa anaamka saa ileile, anavaa viatu, anakaa kitandani. Tuliambiwa amepatikana mwekezaji. Baadaye tukaambiwa mwekezaji hana haja na kota, kota zitauzwa. Baba alipunguzwa pamoja na wenzake, na nyumba hatukuweza kuinunua. Aliamua kwenda Dumila, kuuza vitunguu kwa wasafiri wa barabara ya Dodoma. Mama na mimi tungepanda Kinole kwa bibi mpaka mambo yanyooke. Alitutangazia hayo kwa uchangamfu mwingi, na uchangamfu ule uliniuma kuliko kama angelia.

Aliyenunua nyumba yetu alikuwa mtu mpole, lazima niseme haki yake. Alikuja katikati ya masika pamoja na fundi wake, akabisha hodi, hakuingia mpaka alipokaribishwa. Fundi alizunguka uani akipima kwa hatua. Akafika nyuma ya jiko, akachomeka kijiti katikati ya zinia, akasema karo la choo litakaa hapa, ardhi yake ni laini. Wangeanza kuchimba Jumatatu.

Mama alikuwa ameshika sinia la chai. Hakulidondosha. Alimimina, akamkaribisha fundi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa nikamwite jirani.

Jirani yetu alikuwa Mpogoro wa Mahenge, mwanamke wa kicheko cha kusikika hadi barabarani. Siku hiyo hakucheka. Alikitazama kile kijiti, akamtazama mama, wakaingia jikoni wakarudisha mlango. Nilisikia jirani akimshauri amwambie mumewe, mumewe azungumze na mwenye nyumba, karo lisogezwe, kwani uani hapakosekani mahali. Mama alimkatiza.

"Hili si la wanaume. Wakilijua wanaume, atakuwa hana pa kulala."

Kwa hiyo walingoja Ijumaa. Baba alipokwenda msikitini, jirani alikuja na jembe, na mimi niliwekwa barazani kuzuia wageni. Nani angekaa barazani? Nilizunguka upande wa pili wa jiko nikachungulia. Kwanza mama aliyakata maua yote, akayafunga mafungu mafungu, kwani kopo la pili lilikuwa tupu, mbegu zake alikuwa amezipanda zote mvua zilipoanza. Masika yalikuwa hayajaisha, maua yamelowa, mengine bado ni vifungo, hakuna hata moja lililokauka. Sikuweza kuvumilia. Nilitoka mafichoni nikamwambia haya ni mabichi, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na pale mbele chini ya paa kuna yaliyokwisha kauka, si tuchukue yale. Aliniangalia kama aliyekuwa amesahau kwamba nipo. Halafu akasema yale ya mbele hayahusiki, na kwa kuwa nimeshaona, nikae kwenye jiwe la kufulia ninyamaze.

Walichimba taratibu, mwishoni kwa mikono. Jirani ndiye aliyejua kina chake, kwa kuwa ndiye aliyechimba mara ya kwanza. Walipofika, mama alipiga magoti akaanza kupapasa. Nilinyoosha shingo nikaona mizizi na udongo mwekundu, basi. Mama aliendelea kupapasa, akipitisha vidole palepale alipokwisha kupitisha, mpaka jirani akamshika mkono.

"Ameshakuwa udongo, mwenzangu. Chukua udongo."

Waliuchota, wakaufunga katika kitambaa cheupe. Kilikuwa kifurushi kidogo sana. Mama alikikumbatia, akanigeukia akaniambia kwamba huyu ni mwenzangu, alinitangulia. Mengine alinieleza jirani, kwa sababu mama hakuweza. Kwa Waluguru wa milimani, kwao mama, mtoto akifa kabla ya kutolewa nje na kupewa jina, wanawake humzika karibu na nyumba ya mama yake, bila matanga, na mwanamume haonyeshwi mahali. Baba alikuwa zamu siku hiyo. Aliporudi aliambiwa wanawake wameshamaliza, naye hakuuliza. Mama alipanda zinia ili watu wasipakanyage, na ili yeye awe na sababu ya kuchuchumaa pale.

Niliogopa, na sikuogopa kaburi. Niliogopa kwamba miaka yote nilipojihisi natazamwa, nilikuwa sikukosea.

Baba aliporudi kutoka msikitini aliliona shimo. Mama alimwambia amempunguzia fundi kazi. Baba alivua kofia, akasema limechimbwa vizuri. Mpaka leo sijui alijua nini.

Tulikwenda Kinole kwa pikapu ya kubeba ndizi, baadaye kwa miguu. Kifurushi mama alikipakata ndani ya khanga njia nzima, na alikataa kupokewa. Bibi, aliyekuwa ametumiwa habari, alikuwa ameshachagua mahali migombani, kwenye ardhi ya ukoo. Waluguru mtoto wao ni wa ukoo wa mama yake, na bibi alimpokea huyu kama mgeni aliyecheleweshwa na mvua: alimwambia karibu, akaufukia udongo, akaenda kunawa. Maua mama aliyaning'iniza kichwa chini juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu. Yalipokauka aliyasugua, akapepeta, akajaza kopo. Nilichukua chache kwa siri nikaziminya kwa kucha. Zote zilikunjika.

Mvua za vuli zilipoanza alizipanda pale migombani. Maharage ya bibi yaliota, magugu yakaota, hadi mbegu za papai zilizotupwa na watoto zikaota. Zinia hazikuota. Mama alikwenda kila asubuhi, anachuchumaa, anatazama ardhi tupu, anarudi. Wala haongei. Hapo ndipo nilipoanza kuutamani ule mnong'ono wake niliouchukia. Bila maua hakujua aelekeze wapi uso wake. Alisahau chumvi kwenye mboga, akaanza kupwaya ndani ya gauni lake, na jioni moja nilimsikia bibi akiomba Mungu asichukue wawili.

Jumamosi moja tulishuka mjini na bibi kuuza ndizi, nikaona dukani pakiti za mbegu zenye picha. Siku hizo zilikuwa zimejaa, zimetoka nje, maandishi yake hata muuzaji hakuweza kuyasoma. Juu ya moja palikuwa na zinia kubwa kama sahani, nyekundu ya kung'aa. Bibi alininunulia bila kuuliza. Niliipandisha mlima nikiwa nimeishika mkononi, na mama nilimkuta migombani, nikampa.

Aliigeuza pakiti mbele na nyuma. Aliisifu picha. Halafu akanirudishia.

"Nzuri," alisema. "Lakini hizi hazimjui."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia nimechoka. Nilimwambia kwamba nimeshindana na mtu huyo tangu sijajua kuhesabu, kwamba yeye alibembelezwa na mimi nikafokewa, na kwamba hata sasa ambapo hakubaki mfupa wala ua, bado ananishinda. Nilisema kwa sauti kubwa, hapohapo alipolala. Nilitarajia kofi, na nadhani nililitaka.

Mama hakunipiga. Alikaa chini kwenye majani ya migomba, akanivuta mkono nami nikakaa.

"Hakushindi," alisema. "Miaka yote sikumpa habari nyingine ila zako. Sasa maneno yameniishia mimi. Ongea naye wewe, wewe anakujua."

Akainuka, akajikung'uta gauni, akaenda kumsaidia bibi kutua mzigo. Nilibaki na pakiti yangu. Ardhi pale ilikuwa na vishimo ambavyo mama alivitoboa kwa kidole wakati wa kupanda, na mvua ilikuwa haijavifukia vyote. Sikujua uso wake, sikujua alikuwa wa kike au wa kiume, maana hakuna aliyeniambia nami sikuthubutu kuuliza. Jina hakuwa nalo. Nilijiuliza nianzeje, na ikanichukua muda, kwa kuwa alikuwa mchanga wa siku chache na wakati huohuo alinitangulia kuzaliwa. Mwishowe nilimpa shikamoo, maana ni mkubwa wangu.