Dumu la Njano

Kila asubuhi, kabla hajasukutua wala kusema na mtu, Bushiri alifungua boneti ya Prado yake, akamimina maji kwenye rejeta, akalijaza tena dumu la njano bombani na kulirudisha kwenye buti. Mkewe, Stara, alizoea kuamshwa na mlio wa maji hayo. Rejeta ilivuja polepole, na fundi alikwisha kusema ibadilishwe. "Nikipata safari nzuri," Bushiri alijibu, na miaka ikapita. Kwa kuwa aliwaendesha mwenyewe wageni waliokodi gari, hawakujua lolote. Alisimama njiani kama mtu anayenyoosha miguu, akaongeza maji, wakaendelea na safari yao.

Asubuhi ile ya Oktoba Stara hakusikia maji. Alimkuta mumewe amesimama uani kwao Area D, Dodoma, mikono mitupu, akitazama doa la oili pale gari linapolala siku zote.

"Baba Nasri, kulikoni?"

"Maji," alisema. "Wale watu hawajui habari ya maji."

Wale watu walikuwa Henrik na Lotte, mtu na mkewe, walimu wastaafu kutoka Denmark waliokuja kutalii. Jana mchana walilichukua gari wakalale Kondoa, ili leo wapande kuona michoro ya mapangoni Kolo. Hawakutaka dereva. Walisema hii ni likizo ya wawili, wakipotea wapotee wenyewe. Bushiri hakuwa amepata mgeni tangu kabla ya Ramadhani, akawakabidhi ufunguo. Aliwaonyesha jeki, tairi ya akiba, na gia ya kupandia milima. Maji hakuyataja, na mshale wa joto wa gari lile ulikufa zamani.

Alipiga simu ya Henrik. Haipatikani. Akapiga nyumba ya wageni Kondoa, akaambiwa wamekunywa chai wameshaondoka. Akampigia Elisante, kijana anayewapeleka wageni michoroni. Haipatikani, huko mlimani mtandao hakuna.

"Gari likizima barabarani si watasaidiwa tu?" Stara alimtuliza.

"Si kuzima ninakokuogopa. Mzungu akiona moshi atafungua mfuniko wa rejeta."

Huku akisema alikuwa akisugua kovu lake, lile lililotoka kwenye kiwiko likashuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Stara alilijua vizuri. Siku ile maji ya moto ya rejeta ya lori yalipomrukia, yeye ndiye aliyemvua shati, na ngozi ikatoka pamoja na mkono wa shati.

Alikuja Castory wa Miyuji na gari lake la Noah, dereva mwenzake tangu ujana, mtu asiyeweza kufunga mdomo.

"Leo makubwa! Mwenye gari la kukodisha naye anakodi gari! Shemeji, huyu nimpe na mkataba asaini?"

"Castory, twende," Bushiri alisema.

"Na dereva unamtaka, au unaendesha mwenyewe kama wazungu wako?"

Stara alikuwa akijaza ndoo, akamwona mumewe anaingia stoo moja kwa moja, anasogeza gunia la mkaa, na kutoka na dumu la njano. Stara aliliangalia dumu, akaliangalia gunia. Halafu akafunga kanga yake vizuri na kupanda gari.

Njia nzima Bushiri hakuishusha simu sikioni. Mayamaya, haipatikani. Haneti, haipatikani. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, na nje mashamba yaliyokauka yalikuwa yakisubiri mvua. "Nimesahau," alikuwa akisema, mara kwa Castory, mara kwa kioo cha mlango. "Wallahi nimesahau tu. Kitu unakifanya kila siku, utakikumbukaje?"

"Binadamu husahau, ndugu yangu," Castory alisema. Utani ulikuwa umemwisha. Alikanyaga mafuta.

Stara alikaa kiti cha nyuma, dumu likimgonga miguu kila kwenye tuta.

Walipofika Kolo, waendesha bodaboda waliwaonyesha njia kabla hawajauliza, na Bushiri akajua. Walikata kulia wakafuata barabara ya mawe. Prado ilikuwa imesimama kwenye mwinuko, boneti wazi. Nyuma yake, kwenye kivuli cha gari, Henrik alikuwa ameketi chini huku uso na mkono vimefunikwa kwa kanga mbichi. Mwanamke mmoja wa pale, mama Anna, alikuwa akimmwagia maji kidogo kidogo kutoka kwenye ndoo. Lotte alikuwa amemshika bega.

Elisante aliwakimbilia. "Shikamoo mzee. Mzee, nilimwambia asubiri! Nimekwenda kuomba maji kwa mama Anna, nasikia yowe. Anataka aone limeharibika nini. Mtu mzima, utamshika mikono?"

"Jicho?" Bushiri aliuliza.

"Halifunguki."

Walimpakia Henrik kwenye Noah. Mpaka hospitali ya Kondoa Henrik alikuwa akirudia neno moja kwa lugha yao, na mkewe akimjibu neno lilelile.

Hospitali walimpokea upesi. Baada ya muda daktari alitoka, akasema mkono utapona. Kuhusu jicho hakuahidi kitu. Wangempeleka mbele, Dodoma, pengine mbali zaidi. Castory alikwenda kupanga usafiri. Bushiri alibaki kwenye benchi la nje na dumu kati ya miguu yake. Hakujua ni saa ngapi alilishusha kutoka garini.

Lotte alikuja akasimama mbele yake. Alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kitabuni kabla ya kusafiri, na alikitamka taratibu, neno baada ya neno.

"Asante, Bushiri. Umetoka mbali. Umetuletea maji." Akamshika mkono, ule wenye kovu, kwa mikono yake yote miwili, kisha akarudi wodini.

Bushiri alilisukuma dumu chini ya benchi.

Stara alisogea karibu naye. Tangu asubuhi alikuwa na swali moja. Njia nzima alikuwa amelimeza, na alikuwa amemwomba Mungu jibu liwe jingine.

"Baba Nasri," alisema kwa sauti ya chini, wapitao wasisikie, "dumu lilitokaje kwenye buti?"

"Nililitoa mimi. Wangeliona wangeuliza la nini, na wangejua, wasingelichukua gari."