Vumbi la Manjano Mgongoni mwa Bosi

Mtaani wanamwita Mama Sindano, kwa kuwa anashona magauni ya harusi na kwa kuwa ulimi wake nao una ncha. Anaishi na paka mmoja, Bosi, ambaye marehemu mumewe alimleta nyumbani siku ya mvua ndani ya mfuko wa koti. Fundi wa nguo nyeupe kufuga paka wa kijivu ni kujitafutia balaa, lakini angemfanyaje? Mume hayupo tena, na Bosi bado kila jioni huenda kukaa mlangoni kumngoja.

"Haji huyo," Mama Sindano humwambia. "Njoo ule, usinichoshe."

Wifi yake, dada wa marehemu, alipoona chumba cha kushonea kimepooza, alimletea maua ya mayungiyungi meupe, makubwa, yenye harufu ya kujaza nyumba. Yakawekwa kwenye chombo dirishani, karibu na gauni la bibi harusi.

Asubuhi Bosi alipita katikati ya maua akarukia mezani, na vumbi lao la manjano likaangukia gauni na mgongo wake. Mama Sindano alilijua vumbi lile: ukilifuta kwa maji, doa ni la maisha. Akachukua utepe wa gundi, akawa anaubandika juu ya vumbi na kuubandua, taratibu. Bosi alikuwa pembeni akijilamba.

"Afadhali wewe unajifulia mwenyewe," alimtania.

Hadi mchana gauni lilikuwa safi. Bosi alikuwa chini ya cherehani, ametapika, mate yanamtoka, samaki hamtaki. Wifi alipofika, walimfunga kwenye shuka wakamkimbiza kwa daktari wa wanyama.

"Nyumbani kuna maua?" daktari aliuliza, akipapasa manyoya. Alipoambiwa, alikunja uso. "Yungiyungi ni sumu kwa paka. Jani, ua, vumbi, hata maji ya chombo. Huua figo. Tutajaribu, lakini siahidi."

Wifi akaanza kulia. "Nimemuua paka wa kaka yangu."

"Wewe umeleta maua tu, wifi yangu. Mimi nimeliona vumbi mgongoni mwake, nikaokoa gauni kwanza."

Hakuna aliyemlaumu Mama Sindano, na hilo lilimuuma zaidi. Aliogopa kurudi kwenye nyumba ambayo jioni hakuna anayekwenda mlangoni.

Bosi alilazwa, akatundikiwa dripu. Mawifi walipokezana kwenda kumwona, na maua yakatupwa mbali. Hatimaye daktari akasema figo zimepona, mchukueni.

Jioni ile Bosi alikunywa maji, akajinyoosha, akajikokota hadi mlangoni, akakaa. Mama Sindano alitaka kumwambia lile la kila siku, akaghairi. Akavuta kigoda.

"Sogea basi," alisema. "Tumngoje wote."