Nilivyonunua Tuisheni ya Udaktari kwa Masharti ya Fundi

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na moja, mvua ilikataa kwetu Kitui na shida ikaanza. Mbuzi walikwisha mmoja mmoja. Baba alienda kutafuta kazi ya mkonge upande wa Thika akanyamaza huko huko. Darasa la tatu niliacha katikati ya kipindi cha hesabu, mwalimu bado ameshika chaki, kwa sababu shangazi alikuwa amesimama mlangoni na basi haingoji. Nikaletwa Nairobi, Kibera, Mashimoni, kumlelea mtoto. Shule sikuiona tena. Kusoma nilijimalizia mwenyewe kwa Biblia ya Kikamba na magazeti ya kufungia nyama. Nasema mapema ili anayesoma ajue anaongea na nani.

Ufundi ndio ulionisomesha. Mtoto wa shangazi alipokua, nilipelekwa kwa fundi mmoja wa nguo Kawangware, mama mkali ambaye hakuwa na salamu asubuhi. Kulikuwa na desturi, na bado iko kwa mafundi wenye heshima. Mzazi analipa mara moja, na fundi anakaa na mwanafunzi mpaka ajue. Si mpaka mwezi uishe. Mpaka ajue. Unaachiliwa siku ambayo mtu asiyekujua amenunua shati lako bila kuuliza nani alishona. Langu la kwanza hata mlevi alilikataa. Yule mama akalifumua lote mbele yangu, akanirudishia vitambaa, akasema, "Kaa." Hakudai hata senti ya ziada.

Sasa watu wa kanisani wakisikia mjukuu wangu anasomea udaktari, wananivuta kando. Wanauliza, zile tuisheni za kulipia, za kumtayarisha mtoto kwa mtihani wa kuingia udaktari, zina maana ama ni kuibiwa? Nitajibu, lakini kwa njia yangu.

Msichana mwenyewe ni wa kifungua mimba wangu. Baba yake anafanya kazi ya shifti Industrial Area, kwa hivyo mimi ndiye nimemlea, na amekulia chini ya meza yangu ya kukatia akiokota vifungo. Akiwa darasa la sita alimwomba mwenye bucha jicho la ng'ombe. Akalipasua kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi, akakaa akilichungulia kama mtu anayesoma barua. Nilimchapa. Nilimchapa kwa sababu ya wembe. Kuhusu jicho sikuwa na neno, na usiku huo nilimwambia baba yake kwamba huyu hashoni nguo za watu maisha yake yote.

Kidato cha nne alipita, na akapita vizuri, ila alama haikufika ile ya udaktari wa vyuo vya serikali. Wakampa kozi ya mambo ya udongo. "Susu," akaniambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, "mimi udongo sitaki."

Kulikuwa na chuo kimoja cha watu binafsi kinachofundisha udaktari. Kina mtihani wake wa kuingia, hutolewa mara mbili kwa mwaka, na anayefanya vizuri kabisa anapunguziwa karo. Bila kupunguziwa, hata ningeuza paa la nyumba nisingefika getini. Kwa hivyo kupita tu hakungetusaidia. Ilibidi apite juu.

Wenzake wakamwambia kuna tuisheni ya mtihani huo Kawangware, ghorofani, juu ya duka la chakula cha kuku. Bei yake ilinifanya nikae chini.

Mwanangu akasema, "Mama, hao ni matapeli waliovaa tai. Vitabu viko, simu iko. Asome mwenyewe."

Jirani yangu mmoja, mama Mjaluo anayeuza omena, dagaa wa ziwani, hapo Kisumu Ndogo, naye akaongeza yake, akiniita binti wa Kikamba kwa lugha yake. "Nyar Kamba, mtoto wa dada yangu alikaa huko akatoka na kitambi tu."

"Kitambi ni cha omena zako," nikamwambia.

Lakini sikuwa nimeamua. Mtu hajifunzi cherehani kwa kuitazama, hilo nalijua. Tena sinunui kitambaa kabla sijakivuta nione kama kinarudi. Nikamshika mjukuu wangu mkono tukapanda zile ngazi.

Mwalimu alikuwa kijana, daktari aliyemaliza juzi juzi, anayefundisha siku ambazo hospitali haimhitaji. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba mkono wa shati lake hauna kifungo.

"Karibu, mama. Kozi yetu ni ya miezi miwili."

"Na miezi ikiisha kama hajajua?"

"Anaweza kujiandikisha tena."

"Kwa pesa ingine?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe si mwalimu. Wewe ni kinyozi. Kinyozi ananyoa leo, nywele zikimea nalipa tena, na kosa ni la nywele."

Wanafunzi waliokuwa ndani wakaangua kicheko. "Daso ameitwa kinyozi!" mmoja akapiga meza, maana Daso ndilo jina lao la daktari. "Leo ni leo!"

Kijana hakukasirika. Hapo ndipo nilianza kumheshimu, maana nimewaona wenye shahada wakikasirikia kitu kidogo kuliko hicho. Akavuta kiti akanipa, akauliza, "Fundi anafanyaje?" Nikamweleza desturi yetu yote, mpaka ajue, na yale mwanangu aliyosema kuhusu vitabu na simu. Akasikiliza kama ninamtajia dawa.

"Mama, siwezi kukuahidi atapita."

"Sijakuomba umfanyie mtihani. Nimekuomba usimtoe mkononi mpaka ajue."

Akamwita msichana, akampa karatasi ya maswali, akaweka simu mezani imhesabie dakika. Tukakaa. Simu ilipolia akaipitia ile karatasi kwa kalamu, na hakunizungusha.

"Mama, huyu biolojia anaijua. Notisi zangu nitampa bure, nusu yazo hazihitaji, na zingine kweli ziko kwa simu, kijana wako hajadanganya. Shida yake ni moja. Hajui kuacha swali. Akikwama, anakwama hapo na saa inaisha. Hilo ndilo nitamfundisha, na hilo huwezi kulisoma. Lazima mtu akukalie." Akanyoosha mkono. "Mpaka ajue. Nimekubali."

Hatukuandikiana kitu. Nilitoa sindano kwenye ukosi wangu, ambapo hukaa siku zote, na kifungo kwenye mfuko wa aproni, nikamshonea ule mkono wa shati akiwa amelivaa.

Sasa nieleze ile shida ilitoka wapi, kwa sababu ilitoka kwangu. Kibandani kwangu kuna sheria. Ukianza nguo, maliza. Hakuna mtu anakata kitambaa kingine wakati nguo ya mteja inaning'inia na mkono mmoja. Mafundi wengi Kawangware wamekufa kibiashara kwa kuanza kumi na kutomaliza moja. Mimi sheria hiyo imenilisha na siiombei msamaha kwa mtu. Lakini mtoto alikuwa ameinyonya na maziwa. Mtihani wenyewe una maswali mengi na muda mchache, na swali gumu lina alama sawa na rahisi. Mwalimu alimwambia aruke, kila siku, kwa upole na kwa ukali. Hakuweza.

"Najisikia kama ninatoroka, Susu," aliniambia tukipita Ayany tukirudi nyumbani. Nikamwambia amsikilize mwalimu wake. Lakini mdomo wangu ulikuwa unasema hivyo na mikono yangu ilikuwa imemfundisha vingine.

Mtihani wa kwanza alitoka akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Nilikwama kwa swali la figo. Nililijua, Susu! Lilikuwa hapa, mdomoni. Nikalikalia."

"Na mengine?"

"Ukurasa wa mwisho sikuufungua."

Hakufika. Hata kupita kwa kawaida hakupita. Jumapili baba yake akaja, akakula chapati zangu tatu kwanza, kisha akasema, "Nilisema." Msichana naye akasema kuna duka Ayany linatafuta mtu wa kaunta, na yeye anaenda Jumatatu kuulizia. Aliongea akiwa anakunja zile notisi kuzitia chini ya kitanda, na ndipo nilijua kwamba akienda kwa hiyo kaunta hatatoka. Nimewajua wengi waliosema ni kwa muda tu.

"Kaunta haina miguu," nikamwambia. "Utaikuta."

Jumatatu nilitoka peke yangu kumtafuta mwalimu. Niseme ukweli, nilidhani nitakuta mlango umefungwa. Njiani nilikuwa nimetayarisha maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikamkuta kwenye ngazi anashuka.

"Mama, nilikuwa nakuja kibandani. Yuko wapi? Kiti chake nimekiweka tangu Ijumaa."

"Na pesa?"

"Pesa gani? Hajajua bado."

Nimefanya biashara Nairobi miaka mingi. Nimeahidiwa na wachungaji, na mafundi wenzangu, na machifu. Wanaotimiza neno ambalo halikuandikwa hawajazi benchi moja la kanisa. Yule kijana nampa nafasi kwenye benchi hilo, na mbele.

Msichana akarudi darasani. Mwezi wa Disemba ulipita bado anakwama, akipunguza kidogo, akikwama tena. Kisha ikafika Januari, msimu wa sare za shule, na Januari kibandani hakuna mtu anayekaa. Siku ambazo hakuwa na darasa alinisaidia kutia vifungo. Mchana mmoja mwalimu akaja na suruali ya kupunguzwa urefu. Nikamwambia angoje, kwani haoni? Nilikuwa na sare za shule nzima, rundo limefika kiunoni. Akasimama hapo suruali mkononi, akinitazama nikishona mifuko yote kwanza, halafu kola zote. Nikakutana na sketi yenye zipu mbovu, nikaitia pini na kuitupa kando.

"Mama, hiyo mbona umeiacha?"

"Zipu ni mbovu. Nikianza kupigana nayo sasa, hawa wengine watafungua shule uchi. Nitairudia."

Alimgeukia mjukuu wangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Susu yako ametoroka?"

Msichana akaitazama ile sketi, akanitazama mimi. "Lakini Susu, na ile sheria? Si tunamaliza?"

"Sheria ni ya nguo ya mteja mmoja," nikasema, bila kuacha kushona. "Hii ni rundo. Rundo lina sheria yake."

"Na mtihani?" mwalimu akamuuliza.

Akakata uzi kwa meno. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa ngumi ya kirafiki. "Mtihani ni rundo."

Miaka yote hiyo nimeshona sare kila Januari kwa njia hiyo, na sikuwahi kuiona. Mikono ilikuwa inajua, kichwa hakina habari. Aliiona kijana aliyekuja kwa ajili ya pindo la suruali, kwa sababu hata nje ya darasa alikuwa bado anamfikiria mwanafunzi wake. Kama unaniuliza nililipia nini, nililipia hicho. Notisi zilikuwa bure.

Kuanzia siku hiyo msichana alifanyia mazoezi kwenye meza yangu ya kukatia. Swali likikataa, anachomeka pini pembeni anaendelea. Mwisho anarudi kwa pini zake. Kwanza zilikuwa nyingi karatasi ikang'aa kama gauni la harusi. Ziliendelea kupungua. Wateja walimtania, "Daktari, unashona karatasi?" Naye anawajibu, "Nakuja kwako, ngoja."

Matokeo ya mtihani wa pili yalinikuta nikimpima mama mmoja gauni la kitenge. Simu ikalia.

"Susu, nimepita."

"Kupita gani? Kuingia ama karo?"

"Karo, Susu. Karo!"

Nilimchoma yule mama pini kwenye nyonga. Alipiga kelele Kawangware yote ikasikia, nikamshonea gauni hilo bure, na sikumwambia sababu mpaka lilipokwisha.

Kwa hivyo jibu langu kwa watu wa kanisani ni hili. Kama mtoto wako anajua kujisomesha na kujipima, kaa na pesa zako, mnunulie viatu. Kama wanakuuzia makaratasi, usinunue. Lakini kama kuna kitu kinamzuia ambacho yeye hakioni, na wewe hukioni kwa sababu ni wewe uliyekitia, basi tafuta mtu wa nje wa kumkalia, na umlipe anachotaka. Ila muulize kwanza kwa mdomo wako atafanya nini mtoto akianguka. Jibu lake ndilo kozi yenyewe.

Mwalimu siku hizi yuko hospitali ya mashambani na ile ghorofa sasa ina saluni. Msichana yuko mwaka wa pili. Anakuja Jumapili, anafua koti lake jeupe mwenyewe, na ananifokea kuhusu chumvi. Karo ilipunguzwa, haikufutwa.

Leo nina cherehani tatu za miguu na moja ya umeme. Meza ya kukatia ya mti wa mvule. Pasi ya makaa na pasi ya stima. Kibanda Kawangware chenye leseni ya jina langu. Shamba kidogo Kitui, lenye tangi la maji. Kuku, huwa siwahesabu. Vyumba viwili vya mabati Mashimoni, vyenye wapangaji. Vilikuwa vinne.