Komeo la Mama Kavira

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutoacha nafasi.

Nilijifunza useremala peke yangu hapa mtaani Ndosho, kwa kuangalia kazi za wengine na kubomoa zangu. Sikuvumilia mwanya wowote. Jirani yetu Mama Kavira, mwenye nyumba pekee ya mawe katika njia yetu, aliponiomba komeo la mlango, nilichonga boriti ya mkaratusi ikajaa sawasawa ndani ya vishikio vya chuma. Mti ulikuwa bado mbichi. Fundi aliyefundishwa angejua kwamba mvua ingeuvimbisha.

Dada yangu Espe alikuja kuniita kula, akanikuta kwa Mama Kavira bado nalipiga msasa.

"Acha sasa! Ile komeo haiko bibi yako."

"Umuache tu," Mama Kavira akacheka. "Mwizi atachoka mwenyewe."

Wiki ile mvua ilinyesha kila siku. Mama Kavira akaniambia komeo linabana. Nikamwahidi kulipunguza Jumamosi.

Vita vilifika Alhamisi asubuhi.

Nyumba yetu ni ya mbao, na mbao hazizuii risasi. Bomu la kwanza lilipoanguka upande wa mtaa wa Katoyi, mimi na Espe tulikimbilia kwa Mama Kavira.

Tulipiga mlango.

Espe aliita jina lake.

Ndani nilisikia vishindo vizito, kimoja baada ya kingine. Nikadhani anasukuma vitu mlangoni kutuzuia.

Kisha Espe akaketi chini polepole, mgongo umeegemea mlango.

Nilimwita. Risasi ilikuwa imeshamuua.

Kwenye kilio nilimwambia kila aliyekuja kwamba Mama Kavira alikataa kutufungulia. Alileta sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, hakuna aliyeigusa. Akaibeba, akarudi kwake. Miezi mingi nilimpita bila salamu. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumjibu siku atakapoomba msamaha, nikayarekebisha mpaka yakakosa kasoro.

Hakuomba. Alikuja karakana na komeo begani.

"Mwana, ukate kidogo. Wanasema vita inaweza kurudi. Nataka ifunguke."

Nililigeuza. Upande wa chini ulijaa mabonde ya duara, moja juu ya jingine. Yalikuwa alama za mchi, ule wa kutwangia sombe. Mtu alikuwa amelipiga kutoka chini, lipande, litoke.

"Ulikuwa unafungua," nikasema.

"Nilisikia masasi ikilia, nikasukuma komeo yote chini. Kisha mukaita, ikakataa kutoka. Nilipiga mpaka mikono ikaisha nguvu. Ilipotoka, mulikuwa mumeshaenda."

"Mbona hukusema, mama? Watu wamekutukana mbele yangu."

Aliangalia maranda sakafuni.

"Ulikuwa umemupoteza Espe. Ningekupatia na hii muzigo tena?"

Nilipiga magoti. Maneno yangu yote niliyoyapanga hayakufaa kitu. Alinishika kwapani, akaninyanyua.

"Nilishakusamehe siku ya kilio, wakati narudi na sufuria yangu. Simama. Kata, mvua inakuja."

Nilikata. Mstari ukapinda. Sikuurudia.

Baadaye nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuja kilioni, nikawaambia ukweli. Wengine waliamini. Wengine walidhani huzuni imenichanganya.

Siku hizi naacha nafasi ya kidole kwenye kila komeo, na kila asubuhi mimi ndiye ninayeanza kumsalimia Mama Kavira. Espe hayupo.